Kodi, siri na makaratasi: HOPWA kwa Waswahili wa Marekani

Mtu anayeishi na VVU Marekani, akipungukiwa kodi ya nyumba, ana mlango ambao jirani yake hana. Mlango huo unaitwa HOPWA, mpango wa makazi uliozaliwa na sheria ya mwaka 1990 na unaosimamiwa na wizara ya nyumba ya serikali kuu, HUD. Mwaka wa fedha 2024 Bunge liliutengea dola milioni 505. Hata hivyo, Waswahili wengi wenye haki nao hawaugusi kabisa. Wanaona kuomba ni kujianika: leo ofisini, kesho kanisani au msikitini, keshokutwa kwenye WhatsApp ya ukoo.

Hofu hiyo si ya kijinga, ila inaelekezwa pasipo. Kanuni za HOPWA zinailazimisha ofisi kulinda jina la kila anayesaidiwa na taarifa zake zote. Siri kwa kawaida huvujia kwingine: kwa mkalimani, kwenye hundi ya kodi, kwenye bahasha, kwenye fomu uliyosaini bila kusomewa. Matundu hayo yote yanazibika, na ndiyo maana nitayakalia kwa muda kabla ya kufika kwenye hesabu za kodi.

Kwanza ujue unakwenda wapi. HUD haimpi mtu mmoja mmoja hela. Asilimia 90 ya fungu hugawiwa majimbo na miji mikubwa kwa fomula, na asilimia 10 hushindaniwa. Wao nao huyapa mashirika ya mtaani yanayohudumia wenye VVU, na hayo ndiyo yanayoshika faili lako. Njia fupi ni kliniki unakochukulia dawa. Muulize msimamizi wa kesi yako, yule wengi wetu tunayemwita kesiwoka: ni shirika gani linashika HOPWA katika kaunti hii, na orodha ya kusubiri iko wazi au imefungwa? Usiishie kwa “ngoja nitaangalia”. Ondoka na jina la shirika na siku ya miadi.

Kuhusu nani anafaa, jina la mpango linapotosha kidogo kwa sababu linataja UKIMWI. Si lazima uwe mgonjwa. Kuwa na VVU kunatosha, hata kama unameza dawa vizuri na virusi havionekani tena kwenye kipimo. Kipato cha nyumba nzima kisizidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo lenu, ingawa vocha za kodi zikiwa chache ofisi nyingi huanza na wenye hali mbaya zaidi. Mwenye VVU anaweza kuwa mmoja tu katika familia, hata mtoto, na msaada ukawa wa familia yote.

Karatasi za uhamiaji nazo zina uvumi wake. Mkimbizi, aliyekubaliwa hifadhi na mwenye green card wamo katika makundi yanayoruhusiwa misaada ya serikali kuu chini ya sheria ya mwaka 1996. Ambaye kesi yake ya hifadhi bado haijaamuliwa, au asiye na karatasi, apite kwanza kwa wakili wa msaada wa kisheria kabla ya kujaza chochote. Ule uvumi kwamba VVU vitakunyima green card ulikuwa na ukweli zamani, maana VVU vilikuwa kizuizi cha kuingia nchini. Kizuizi hicho kiliondolewa tarehe 4 Januari 2010. Aliyeusikia kambini kabla ya hapo ameubeba mpaka leo, na uvumi huo akamrithisha na mwanawe.

Sasa mkalimani. Katika mji wenye Waswahili mia chache, mkalimani anayefika kliniki ana kwa ana anaweza kuwa mwanakwaya mwenzako, shemeji wa jirani, au mtu mliyechota naye maji kambini. Kisheria anatakiwa afunge mdomo, na pengine ataufunga. Lakini wewe utakuwa unakutana naye kila Jumapili. Dawa yake ni mkalimani wa simu. Siku unapopanga miadi, sema unataka mkalimani wa Kiswahili kwa njia ya simu na asiwe wa mji huo. Wakalimani wa simu kwa kawaida hujitambulisha kwa namba. Mwombe mfanyakazi asilitaje jina lako, akuite mteja tu. Ukiisikia sauti unayoifahamu, omba mwingine, bila kudaiwa maelezo.

Na Kiswahili chenyewe si kimoja. Mkongo wa Fizi akitafsiriwa na mtu wa Mombasa, “amana ya nyumba”, yaani dipoziti, inaweza kupita hewani kwa sababu yeye anaijua kama garanti. Ukiona neno hulielewi, simamisha mazungumzo hapohapo. Watu wamesaini mikataba wakidhani garanti imeshalipwa, kumbe kilicholipwa ni kodi ya mwezi wa kwanza. Mtoto asitumike kabisa kutafsiri. Atakosea maneno ya sheria, na atajua hali ya mama yake kwa njia ambayo hakuna mzazi angeichagua.

Hundi ndiyo tundu la pili. Fedha za HOPWA hazipiti mkononi mwako, zinakwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba au kampuni ya umeme. Kwa hiyo mapema kabisa uliza: kwenye hundi limeandikwa jina gani, na kwenye bahasha? Mashirika mengi yamejipa majina yasiyosema kitu, lakini yapo yenye neno la UKIMWI katikati ya jina. Likiwa hivyo, uliza kama malipo yanaweza kutoka kwa jina jingine, kwa mfano la kaunti au la shirika mshirika. Omba pia kuona mkataba au barua ambayo mwenye nyumba atapewa kabla haijatumwa. Yeye hahitaji kujua zaidi ya kwamba kuna programu ya msaada wa kodi. Jambo hili lina uzito zaidi pale mwenye nyumba akiwa Mswahili mwenzetu aliyenunua nyumba na kupangisha ndugu, hali inayozidi kuwa ya kawaida.

Halafu kuna fomu ya kuruhusu taarifa zako zitolewe. Utapewa kadhaa, na nyingine zina mistari mitupu. Usisaini mstari mtupu, ukate kwa kalamu. Kila fomu iseme taarifa gani, inakwenda kwa nani na mwisho wake lini. Ukibadili nia, unaweza kuifuta kwa maandishi. Waambie pia kama ujumbe wa sauti uachwe kwenye simu yako au hapana, na barua ziende anwani ipi, hasa kama sanduku la barua mnachangia na watu wengine.

Makaratasi ndiyo yanayochelewesha faili kuliko kitu kingine chochote. Uthibitisho wa VVU, kwa mfano, unawachanganya hata wafanyakazi wapya. Kipimo cha wingi wa virusi kinachosema “havionekani” hakithibitishi chenyewe kwamba una VVU, kwa sababu asiye navyo angepata jibu hilohilo. Kopo la dawa nalo mara nyingi halikubaliwi, kwani dawa nyingine za VVU hutumiwa pia na wasio navyo kujikinga. Unachotaka ni barua ya daktari iliyosainiwa, yenye tarehe na jina lako kamili, inayosema una maambukizi. Iombe siku ya kliniki, ukiwa mbele ya daktari.

Jina kamili! Hapa wakimbizi huumia. Kitambulisho kinaanza na jina la baba, kadi ya Social Security inaanza na la kwako, kliniki waliandika herufi walivyosikia, na tarehe ya kuzaliwa ni 1 Januari kama ya nusu ya kambi. Ofisi ikiona majina mawili inadhani ni watu wawili, na faili linalala. Weka nakala za vyote kwenye bahasha moja, mwambie mfanyakazi tofauti zilizopo kabla hajazigundua mwenyewe, na umwombe aandike maelezo hayo ndani ya faili.

Kipato kinahesabiwa cha familia yote, si chako pekee. Andaa slipu za mshahara za siku 30 za karibuni, barua ya SSI (posho ya serikali kuu kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo) kama ipo, na taarifa ya benki. Asiye na kipato kabisa husaini tamko la kutokuwa na kipato. Mpangaji mwenza ambaye si familia kipato chake hakiingizwi kwenye hesabu yako, lakini na kodi ya sehemu yake hailipiwi: ukitumia chumba kimoja kati ya vitatu, ofisi hulenga theluthi moja ya kodi. Kumficha binamu aliyekuja kukaa ni kosa linalogundulika haraka kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu jina lake linafika kwenye barua za shule na benki.

Ongeza mkataba wa pango, notisi ya deni au ya kuondolewa, na bili za umeme na maji. Kuna karatasi moja isiyo mikononi mwako: fomu W-9 ya mwenye nyumba, inayotaja namba yake ya mlipa kodi ya mapato. Bila hiyo shirika haliwezi kumlipa, na wapo wenye nyumba wanaokaa nayo wiki tatu kwa kuona ni usumbufu, au kwa sababu hawataki mapato yao yajulikane kwa mamlaka ya kodi, ile kodi nyingine. Muulize kama atasaini kabla hujaanza kuombea nyumba yake. Akigoma, tafuta nyumba nyingine mapema.

Msaada wenyewe huja kwa sura tofauti, na kuichagua isiyo sahihi kunakula muda. Wa dharura unafupishwa STRMU. Ni wa mtu ambaye tayari ana nyumba, amepanga au anailipia mkopo, na amekwama: kazi imekatika, kalazwa hospitali, gari limeharibika. Msaada huu unalipa kodi, mkopo wa nyumba, au umeme, gesi na maji, kwa muda usiozidi wiki 21 katika kila wiki 52. Hiyo ni kama miezi mitano. Deni la nyuma nalo linahesabiwa kwa wiki zake, kwa hiyo aliyeona haya hadi deni likafika miezi minne ameshatafuna wiki 17 kabla hajasimama. Omba mwezi wa kwanza wa deni. Uliza pia mwaka wao wa wiki 52 unaanzia lini, kwani ofisi nyingine hufuata kalenda na nyingine huanzia siku yako ya kwanza kusaidiwa. Ofisi inaweza pia kuweka kikomo chake cha dola, chini ya hizo wiki 21.

STRMU haimhamishi mtu wala haimtoi barabarani. Anayetaka kuingia nyumba mpya hulipiwa dipoziti na gharama za kuingia kupitia fungu la kupata makazi ya kudumu, lisilozidi thamani ya kodi ya miezi miwili. Aliyezoea Dar es Salaam, ambako mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita mbele, ataona hili dogo, lakini hapa kodi ni ya mwezi kwa mwezi na dipoziti ndiyo kigingi. Siku ukihama, dipoziti hiyo hurudi kwa programu. Usiipigie hesabu ya nauli.

Kisha kuna vocha ya muda mrefu, TBRA, ambayo ndiyo wengi wanaitaka na ndiyo yenye foleni. Unatafuta nyumba mwenyewe, unalipa sehemu yako, programu inamalizia. Sehemu yako ni ile iliyo kubwa kati ya hizi: asilimia 30 ya kipato cha mwezi baada ya makato yanayoruhusiwa, au asilimia 10 ya kipato kabla ya makato, au sehemu ya ruzuku ya ustawi iliyotajwa kuwa ya nyumba, kama unapata ruzuku ya aina hiyo. Makato hutolewa kwa watoto, malezi yao unapokuwa kazini, na gharama za matibabu kwa familia yenye mzee au mlemavu. Hizi za matibabu watu huzisahau na kulipa zaidi kila mwezi.

Tuchukue mama mwenye watoto wawili anayefanya kazi kiwandani. Kwa mwezi anapata dola 2,100, na baada ya makato zinabaki 2,000. Asilimia 30 ya 2,000 ni 600. Asilimia 10 ya 2,100 ni 210. Sehemu yake ni 600. Lakini umeme na gesi anajilipia mwenyewe, na ofisi imekadiria ni dola 120, basi zinatolewa: anampa mwenye nyumba 480. Kodi ikiwa 1,150, HOPWA inalipa 670. Ofisi isipotoa hizo 120, mama huyu analipia umeme mara mbili bila kujua. Angalia mstari huo kwenye karatasi ya hesabu.

Kodi nayo ina dari. Kodi pamoja na makadirio ya umeme, hapo 1,270, inalinganishwa na kiwango cha HUD kinachotangazwa kila mwaka kwa kila eneo na kwa idadi ya vyumba, na pia na nyumba zinazofanana nayo mtaani. Kabla hujaanza kutembea, omba namba hiyo kwa ukubwa wa nyumba ulioidhinishiwa. Mwenye nyumba akisema “nitaandika 1,150, wewe nipe 150 pembeni”, kataa. Hiyo ni njia ya uhakika ya kupoteza vocha, na atakayebaki na tatizo ni wewe.

Usisaini mkataba wala kuhamia kabla nyumba haijakaguliwa. Siku ulizokaa kabla ya idhini kwa kawaida hazilipiwi. Mkaguzi anatazama maji salama, joto, choo cha faragha kinachofanya kazi, mahali pa kupikia, mwanga, mlango unaofungika, na king'ora cha moshi. Kwa nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 itakayokaliwa na mtoto wa chini ya miaka sita, rangi iliyobanduka ni jambo zito kwa sababu inaweza kuwa na madini ya risasi. Pita mwenyewe kwanza na ubonyeze king'ora. Betri ya dola chache imewahi kurudisha watu nyuma wiki mbili.

Ukishaletewa karatasi ya mahakama ya kutaka uondolewe, usingoje HOPWA ndipo uende. Nenda siku ya kesi hata kama maombi yako yanasonga, ukiwa na barua ya shirika inayosema kiasi gani kitalipwa na lini. Kwa baadhi ya majaji barua hiyo inatosha kuahirisha. Kutofika kunampa mwenye nyumba hukumu bila ubishi, na hukumu hiyo itakufuata kila unapoomba nyumba. Na kama mwenye nyumba anakufukuza kwa sababu amejua hali yako, sheria ya nyumba ya serikali kuu inahesabu VVU kuwa ulemavu. Una mwaka mmoja wa kulalamika HUD na miaka miwili wa kufungua kesi.

Unaposubiri vocha, kuna fungu la Ryan White, mpango wa serikali kuu wa matunzo ya wenye VVU, ambalo lina msaada wa nyumba wa muda, ila haliruhusiwi kulipa mkopo wa nyumba. Jiji la New York lina ofisi yake, HASA, ambayo tangu 2016 inapokea wenye VVU hata wasio na dalili za ugonjwa, na kodi yao haizidi asilimia 30 ya kipato. Popote ulipo, jiandikishe pia Section 8, vocha ya nyumba ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo. TBRA ilikusudiwa iwe daraja, na ofisi itakuuliza umefikia wapi.

Daraja hilo haliendi nawe. Vocha ya HOPWA kwa kawaida imefungwa kwenye eneo la ofisi iliyoitoa, tofauti na Section 8. Ndugu zetu husikia kiwanda cha nyama jimbo jingine kinalipa vizuri, wanafunga mizigo wikiendi, na wakifika huko wanaanza mwisho wa foleni mpya. Piga simu ofisi ya huko kabla ya kukodi lori, na uhamishe kliniki kwanza ili dawa zisikatike.

Kila mwaka utathibitishwa upya, na kipato kikibadilika katikati unatakiwa useme. Aliyepunguziwa saa kazini na akanyamaza analipa zaidi ya anachodaiwa. Ofisi ikitaka kukukatia msaada, lazima ikupe sababu kwa maandishi, ikuruhusu kupinga mbele ya mtu mwingine asiye yule aliyeamua, na ikupe jibu la mwisho kwa maandishi. Pinga ndani ya siku zilizoandikwa kwenye barua, hata kwa sentensi mbili za mkono, kisha utafute wakili wa bure.

Mwenye VVU akifariki, familia iliyokuwa ikiishi naye haitolewi siku ya matanga. Inapewa muda wa kujipanga usiozidi mwaka mmoja, na ofisi inapaswa kuisaidia kutafuta makazi mengine. Toa taarifa ya msiba mapema, na uombe muda huo uandikwe, wenye tarehe ya mwisho. Kama mjane naye ana VVU na kipato chake kiko chini ya kiwango, aombe kwa jina lake mwenyewe, akianza na barua yake ya daktari.